Injini ya Kupachika ya Mtumba: Kabla ya Safari ya Kwanza

Maelezo kwa wavuvi na wasafirishaji wa Kigoma na Ujiji



Nimeombwa nizungumze juu ya ununuzi wa injini ya kupachika iliyokwisha kutumika. Sikuja kuwakataza kununua mtumba. Meli ya Liemba, mnayoifahamu nyote, Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini, kwa kuwa mafundi walioamriwa kuizamisha walitangulia kuzipaka injini zake grisi nzito. Basi mwuzaji asiulizwe tu injini ina umri gani. Aulizwe ilitunzwaje, na nani.

Jambo la kwanza ni kibao cha namba. Kikiwa kimekwanguliwa au kung'olewa, ondoka, hata bei ikiwa ya kuvutia namna gani. Wizi wa injini ziwani si habari ngeni kwenu, na aliyenunua mali ya wizi huweza kunyang'anywa mali hiyo na fedha yake isirudi. Namba hiyo iandikwe kwenye hati ya mauziano, pamoja na jina la mwuzaji, bei na sahihi za mashahidi.

Pili, nenda na fundi wako, si fundi wa mwuzaji. Kabla injini haijawashwa, weka kiganja juu ya kichwa chake. Ukiona ina joto, jua kwamba imewashwa kabla hujafika, subiri ipoe. Injini yenye mbano hafifu huwaka upesi ikiwa moto, ikakutoa jasho alfajiri ikiwa baridi. Mpwa wangu aliuziwa ya namna hiyo. Iliunguruma vizuri ndani ya pipa la maji kwa dakika tano, naye akalipa fedha yote papo hapo. Katika pipa injini haisukumi kitu. Ilipobebeshwa mtumbwi na watu wanne ilizimika baada ya nusu saa, wakarudi kwa makafi.

Fundi afungue skrubu ya chini ya oili ya gia. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa ni dalili kwamba maji yamepenya, na mipira ya kuzuia maji imekwisha. Azungushe propela kwa mkono, aone kama mhimili umepinda. Injini ikiwaka, tazama kitundu kinachotema maji ya kupozea: mchirizi usiwe wa kudondoka. Ukiwa dhaifu, huenda ni mchanga ulioziba, huenda ni mpira wa pampu uliochakaa. Mpira huo ni kitu kidogo, lakini ukiachwa, injini nzima huungua.

Hapa niseme neno la sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo, ila kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuifichua si rahisi kuidai baadaye. Anayekagua kwa kupitisha macho tu anajidhulumu. Kwa hiyo ahadi yoyote ya mwuzaji, kama vile "pampu ni mpya", iandikwe.

Sasa injini ni yako, au karibu kuwa yako. Mwaga petroli ya zamani iliyomo katika tenki. Nyingi za injini za mipigo miwili hutaka mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Ya kwako hufuata kitabu chake, si desturi ya mwaloni. Badilisha plagi. Kaza skrubu za kuibana kwenye tezi, kisha uifunge kwa mnyororo, kwa maana injini ikichomoka katika ziwa lenye kina cha mita 1,470 hakuna mzamiaji wa kukuletea. Jaribu pia kamba ya kuzimia, ile ya kufungwa mkononi mwa nahodha: ivute, injini izime mara moja.

Safari ya kwanza ifanyike asubuhi, kabla upepo haujachafua maji, nanyi wa miezi ya kiangazi mnaujua upepo wa kusini. Usipakie abiria wala mzigo. Kila aliyemo avae jaketi okozi, makafi yawemo, na boti ya pili iwe karibu. Msitegemee nanga, pwani yetu hutumbukia ghafla, na hatua chache nje ya Kibirizi kamba yenu yaweza isifike chini. Endesheni sambamba na ufuko, kwanza polepole, kisha kwa mwendo wa kazi, nusu saa kamili, mkitazama ule mchirizi wa maji.

Mkirudi, kazeni skrubu tena na mwitazame upya oili ya gia. Ikiwa bado safi, mlipeni mwuzaji salio lake, mchukue risiti.