BOMBA LA UMEME NA CHUPA YAKE

(Hotuba ya Katibu kwa wanachama, Cheyo, Tabora, katika kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu chetu)



Wengine watasimulia mema ya miaka 10 iliyopita. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo lililo mbele yetu, yaani ombi la wakulima wa pamba kwamba fedha za akiba zitumike kununua mabomba ya kupulizia dawa kwa nguvu za umeme. Ombi hili ni jema. Lakini fedha hizo zimekatwa kidogo kidogo katika mauzo ya kila mmoja wetu, na hatuna budi kujua tununuacho.

Shida iliyoleta ombi twaijua sote. Bomba la mgongoni likitumiwa kwa kipimo cha lita 200 za maji kwa hekta, kila ekari yadai ndoo 4 za lita 20. Mkulima wa Igunga au Nzega ambaye kisima chake ki mbali hupulizia mara chache kuliko ipasavyo, na funza wa vitumba hawamngojei. Tena dawa nyingi huanguka chini, na vidukari walio upande wa chini wa jani husalimika.

Ufundi wa kupulizia kwa umeme ulikua katika viwanda vya rangi. Katika miaka ya 1940, Harold Ransburg wa Indianapolis, Marekani, alieneza njia ya kupaka rangi vyombo vya chuma kwa umeme. Matone ya rangi hutiwa chaji, na chombo kipakwacho huunganishwa na ardhi. Matone, kwa kuwa yana chaji ya namna moja, husukumana na kutawanyika. Kisha huvutwa na chombo, hata yakazunguka nyuma yake. Fremu ya baiskeli ikipuliziwa upande mmoja, rangi hufika na upande wa pili.

Walakini mafundi walikuta kikwazo. Rangi nyingine hupitisha umeme, kama zile za maji au zenye unga wa chuma. Zikitiwa chaji kwenye pua ya bomba, umeme hurudi nyuma katika mpira mpaka kwenye pipa. Chaji ya matone hupungua, na fundi agusaye pipa aweza kupigwa na umeme. Dawa yake ni kulitenga pipa lisiungane na ardhi na kulizungushia ua, au kuyatia matone chaji yakiwa yamekwisha kutoka puani. Likumbukeni jambo hili la maji, maana ndilo linalotuhusu shambani.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya ICI ya Uingereza ilitoa bomba liitwalo Electrodyn, lililobuniwa na Ronald Coffee. Halikuwa na pampu wala kipande kinachozunguka. Betri 4 za tochi zilitosha, na kifaa kidogo kilipandisha nguvu yake hadi volti zipatazo 25,000. Umeme wenyewe uliivuta dawa ikawa nyuzi, na nyuzi zikakatika kuwa matone. Nusu lita hadi lita moja ilitosha hekta nzima, bila maji hata kidogo. Mkulima mdogo wa pamba angeomba nini zaidi?

Mbona basi bomba hilo haliuzwi tena? Maji hupitisha umeme mno, kwa hiyo halikuweza kuyatumia. Lilitaka dawa ya mafuta maalumu, iliyofungwa katika chupa yenye pua yake. Chupa ilipokwisha, mkulima hakuweza kujaza dawa nyingine aipendayo; ilimbidi anunue chupa ile ile. Tena penye mimea iliyosongamana, matone yalishika majani ya juu, na ya ndani yakakosa.

Wazee wetu wa Unyanyembe, waliobeba mizigo kwenda pwani kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, walijua kwamba msafara hauondoki kabla ya kuuliza maji ya kambi ijayo. Bomba la chupa moja ni njia yenye kisima kimoja. Nasi tumekwisha kuonja. Katika mwaka wa tatu wa Chama Kikuu chetu tulinunua mabomba ya bei nafuu. Vipuri havikupatikana, na mabomba yamelala ghalani hadi leo. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa hatukuuliza.

Njia ya kutumia dawa ya maji nayo ipo. Katika miaka ya 1970, Edward Law wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, alitengeneza pua ambayo ndani yake dawa yenyewe huunganishwa na ardhi, na kipete chenye umeme huyapa matone chaji yanapotoka, hewa ya kasi ikiyasukuma kati ya majani. Lakini hewa hiyo yataka mashine ya kuisukuma, na mashine yataka gharama.

Kwa hiyo twashauri Kamati imwulize kila muuzaji maswali matatu. Je, bomba lake latumia dawa zilizosajiliwa na zinazouzwa hapa kwetu? Je, vipuri vyapatikana Tabora? Je, umeme warudi ardhini kwa njia gani? Swali la tatu ni la uhai: mpuliziaji asiyeunganishwa na ardhi hujilimbikizia chaji mwilini, na matone ya sumu humrudia yeye mwenyewe.

Kisha tununue mabomba mawili tu ya majaribio. Tufunge vipande vya karatasi nyeupe chini ya majani, tupulizie maji yenye rangi, mara umeme ukiwa umewashwa na mara ukiwa umezimwa, wanachama wakitazama. Karatasi zikionyesha tofauti, tutanunua kwa moyo mweupe. Zisipoonyesha, fedha zenu zitabaki salama katika akiba, na hilo nalo ni faida.