Ukurutu, Dawa za Steroidi na Mifupa: Hesabu ya Gramu na Vidonge

Ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, hukausha ngozi na kuipasua, hasa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na huwasha zaidi usiku. Hauambukizi. Mwaka 1952 haidrokotisoni, ambayo ni steroidi, ilianza kupakwa kwenye ngozi ya wagonjwa, na tangu hapo steroidi ndiyo dawa yake kuu. Miaka 20 kabla ya hapo, Harvey Cushing alikuwa ameeleza habari za watu ambao miili yao hutoa homoni ya jamii hiyo kupita kiasi: migongo yao ilipinda kwa sababu mifupa ilikuwa imedhoofika.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Steroidi ikizidi mwilini huua seli zinazojenga, hupunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni na kudhoofisha misuli, hivyo mtu huanguka kwa urahisi. Pingili za mgongo huumia mapema kuliko mifupa mingine.

Hatari kubwa iko kwenye vidonge. Prednisoloni miligramu 5 kwa siku, yaani kidonge kimoja, ikimezwa miezi mitatu au zaidi, yatosha kuongeza uwezekano wa kuvunjika mifupa. Ongezeko huonekana katika miezi ya mwanzo, na hupungua dawa ikiachwa. Kuiacha ghafla baada ya wiki nyingi ni hatari nyingine, maana tezi za mwili huwa zimelala. Kipimo hushushwa hatua kwa hatua.

Krimu ni habari tofauti, na mgonjwa asitishwe bure. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2021 ulihusu watu wazima zaidi ya 700,000 waliotumia krimu kali za steroidi. Hatari kwa mifupa ilianza kupanda kidogo kwa waliokwisha kutumia kiasi kinacholingana na gramu 500 za mometasoni, mojawapo ya krimu hizo, na ikaongezeka kadiri gramu zilivyoongezeka. Gramu 500 ni zaidi ya tyubu 33 za gramu 15. Anayemaliza tyubu moja kwa mwezi hufika huko karibu miaka mitatu baadaye. Anayechanganya tyubu nzima kila siku kwenye mkorogo wa kung'arisha ngozi hufika katika siku 34, na klobetasoli iliyomo mara nyingi katika mikorogo ni kali kuliko mometasoni. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, na sababu ipo.

Kuacha ukurutu bila tiba nako hakulindi mfupa. Nchini Uingereza, mwaka 2020, watu wazima wenye ukurutu mkali zaidi walionekana kuvunjika pingili za mgongo takriban mara mbili kuliko wasio nao, hata baada ya steroidi za kumeza kuzingatiwa katika hesabu.

Huko Kabuta, Zambia, na ufuo wote wa Ziwa Mweru, mifupa ina rafiki wa karibu: chisense, dagaa wa ziwa hilo, huliwa mzima na mifupa yake, hivyo kalsiamu haiko mbali na sahani ya ugali wa muhogo. Lakini anayetumia tenofovia kwa ajili ya VVU, au sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, tayari ana dawa inayopunguza uzito wa mifupa. Kwa hiyo kadi yake isomwe yote kabla ya prednisoloni kuandikwa.

Kipimo cha krimu kiko mkononi: dawa inayokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza ni karibu nusu gramu, na hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mafuta ya kulainisha hupakwa kila siku, vidonda viwepo au visiwepo. Piritoni za usiku za kutuliza mwasho zipunguzwe kwa wazee, kwani hulevya, na mzee aamkaye gizani akiwa nazo huanguka. Anayemeza steroidi kwa muda mrefu apimwe urefu ukutani kila ahudhuriapo: sentimita kadhaa zikipungua, huenda pingili imekwisha kupondeka bila yeye kuhisi maumivu.