Jino Likinyamaza

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za jino lililouma siku nyingi, kisha likanyamaza. Watu wengi hufurahi, wakasema limepona. Sisi twasema sivyo, na sababu zake zimo ndani ya jino lenyewe.

Jino si jiwe. Nje limevikwa gamba jeupe, gumu kuliko kitu kingine cho chote mwilini. Chini ya gamba iko sehemu ya manjano kidogo, yenye vijitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho, maelfu mengi katika nafasi ndogo kama kichwa cha pini. Katikati mna chumba, na chumbani mna nyama laini, yenye mishipa ya damu na ya fahamu iingiayo kwa ncha ya mzizi. Nyama hiyo ndiyo kiini cha jino.

Watu wa kale, hata wa Babeli, walidhani ya kuwa yumo funza atafunaye jino. Funza hayumo, walakini viumbe hai wamo kweli. Mwaka 1890 W. D. Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alitoa kitabu akaeleza ya kuwa bakteria wa kinywani hutumia sukari na wanga uliosalia menoni, wakafanya asidi, yaani ukali mfano wa siki. Hukaa katika ukoga, na asidi yao huyeyusha gamba kidogo kidogo mpaka likatoboka.

Hapo asidi na sumu za bakteria hupenya katika vile vijitundu, zikakifikia kiini hata kabla bakteria wenyewe hawajafika. Kiini nacho hakilali. Chembe zilizojipanga ukutani mwake humtambua adui, zikatoa ishara. Mishipa ya damu hutanuka, na chembe nyeupe za damu hukusanyika kupigana. Wakati huo huo kiini hujaribu kujenga ukuta mpya kwa ndani ili kuifunga njia. Kidole kikichomwa na mwiba huvimba, kwa kuwa kina nafasi ya kuvimba. Kiini hakina, kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Basi msongo huzidi, na usiku mtu alalapo jino hupiga kama ngoma.

Twajuaje ya kuwa kosa ni la bakteria, wala si la tundu lenyewe? Mwaka 1965 wataalamu watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoa habari za panya waliotobolewa magego mpaka kiini kikawa wazi. Panya wa kawaida viini vyao vilikufa, vikafanya usaha. Lakini wengine walikuwa wamelelewa mahali pasipo kijidudu hata kimoja. Hao, ingawa chakula kilijaa matunduni, viini vyao vilibaki hai, vikajijengea paa jipya. Jaribio hili twapenda sana kuwaeleza wanafunzi wetu, maana halibakizi neno la kubishania.

Turudi kwa jino lililonyamaza. Bakteria wakishinda, kiini hufa, na mishipa ya fahamu hufa pamoja nacho. Ndiyo sababu ya ukimya ule. Walakini bakteria hawakufa. Hushuka mpaka ncha ya mzizi, wakaingia katika mfupa wa taya na kufanya jipu, pengine baada ya miezi mingi. Uvimbe ukienea chini ya ulimi na shingoni waweza kuziba pumzi. Daktari Mjerumani, Ludwig, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836. Mtu aliyevimba hivyo, asiyeweza kumeza, apelekwe hospitali saa ile ile.

Karafuu hutuliza maumivu, nasi hatuidharau. Lakini haizibi tundu. Kitu baridi au kitamu kikichoma jino, na maumivu yakaisha mara, kwa kawaida kiini chaweza kupona: mganga wa meno husafisha tundu na kuliziba. Maumivu yakikawia, au yakija yenyewe usiku, mara nyingi kiini hakiponi tena. Hapo ni kukitoa na kuijaza mizizi, au kuling'oa jino. Basi mtoto akija akisema ya kuwa maji ya mtungi yamemchoma jino, kisha akaenda zake kucheza, siku ya kumpeleka ni hiyo.