Deni Letu kwa Wanaoanza

Hotuba ya Katibu wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu, siku ya sikukuu ya miaka kumi



Kwa niaba ya ofisi ya chama twawakaribisheni nyote, kutoka Uru Kaskazini, Uru Kusini, Uru Mashariki na Shimbwe. Leo tumetimiza miaka kumi, nasi twamshukuru Mungu aliyetufikisha. Bwana Mwenyekiti amekwisha kuwaeleza habari za ghala, za mizani na za kahawa iliyopelekwa mnadani. Ofisi imepewa jambo moja tu la kulisemea, nalo ni namna ya kuwasaidia wenzetu wanyonge wanaoanza biashara. Jambo hili limo katika shauri la mchana na litahitaji kura zenu. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie kidogo kabla ya mbege kupita.

Tusemapo wanyonge hatusemi watu wa mbali. Ni mjane ambaye kihamba alichokilima miaka thelathini kimeandikwa jina la shemeji yake. Ni kijana wa nne wa mzee mwenye kihamba kilichokwisha kugawanywa mara tatu, asiyebakiwa na mahali pa kupanda hata migomba kumi. Ni ndugu yetu mwenye ulemavu, ambaye watu humpa sadaka siku ya Jumapili, lakini siku ya Jumatatu hawampi kazi. Watu hawa si wavivu. Alfajiri mama zetu hupita barabarani na mikungu kichwani kuelekea Kiboriloni na Mbuyuni, na jioni hurudi na mizigo ya majani ya ng'ombe waliyoyakata tambarare. Kinachowapungukia si jasho.

Ndugu wanachama, yafaa tukumbuke kwamba sisi wenye kahawa tulikuwa wanyonge vile vile. Katika miaka ya 1920 wako walowezi waliosema kwamba Mwafrika asiruhusiwe kulima kahawa, kwa kuwa shamba lake litaleta magonjwa. Mwaka 1925 wazee wetu, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliunda Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi KNPA. Chama kile hakikuanza kwa kugawa fedha. Kilishughulika na dawa za wadudu na magonjwa, kikawafundisha watu kuitunza mibuni, kisha kikatafuta njia ya kuuza kahawa yao pamoja. Mkulima mwenye mibuni michache alipata mtu wa kumwonyesha na mahali pa kuuzia. Chama kilipoingia katika matatizo na madeni, watu hawakurudi nyuma. Sheria ya Ushirika ikatungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 KNCU ikazaliwa. Shule ambazo wengi wetu tulisoma, na bati zilizo juu ya nyumba zetu, zilitokana na kazi ile. Basi sisi sote hapa ni watoto wa watu waliosaidiwa kuanza.

Sasa twaomba ruhusa ya kusema neno ambalo halipendezi siku ya sikukuu, maana kitabu cha kumbukumbu kisemacho mazuri tu si kumbukumbu.

Katika mwaka wa tatu wa chama hiki, tulipata ziada kidogo, tukaamua kuwasaidia wajane tisa wafuge kuku wa kienyeji. Nia ilikuwa njema. Kila mmoja alipewa mkopo, akatia sahihi, wengine kwa kidole gumba. Tukapiga picha. Baada ya hapo ofisi haikufika tena katika mabanda yao, kwa kuwa msimu wa kahawa ulikuwa umefungua na sisi tulikuwa mizanini. Mwezi wa tatu ukaingia mdondo. Kwa siku chache mabanda saba kati ya tisa yalikuwa matupu.

Tulifanya nini? Tuliandika barua za kudai, na kalamu iliyoziandika ilikuwa ya ofisi hii. Mama mmoja aliuza mbuzi wake wawili akaleta fedha zimefungwa katika kitambaa. Mwingine, ambaye kila Jumapili alikuwa akikaa benchi moja nasi kanisani, akahamia benchi la nyuma. Walilipa wote, hata yule wa mwisho, ingawa ilimchukua miaka miwili. Katika daftari letu mkopo ule umeandikwa kuwa umefanikiwa, kwa sababu fedha zilirudi.

Lakini sikilizeni. Hatua chache kutoka kwa mmoja wa wajane hao yuko mama mzee aliyefuga kuku tangu ujana wake, naye hakuuguliwa na kuku hata mmoja mwaka ule. Tulipomwuliza, baada ya mambo kuharibika, alicheka akasema ni chanjo ya mdondo tu: tone moja katika jicho la kila kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Tukamwuliza mbona hakuwaambia wenzake. Akajibu, "Nilijua chama kimewaletea wataalamu. Nani aliniuliza mimi?"

Bwana Mwenyekiti, jibu lile limetusumbua mpaka leo. Fedha tulikuwa nazo, wajane walikuwa na bidii, na elimu ilikuwa ng'ambo ya mfongo. Kilichokosekana ni mtu wa kuvuka mfongo ule. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mkopo usio na mtu wa kumsindikiza mkopaji ni mzigo aliotwishwa asiye na kata kichwani.

Wala si chama chetu peke yake kilichojifunza hivyo. Serikali yetu, kwa sheria iliyotungwa mwaka 2018, iliziagiza halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria ya haki, nasi twaisifu. Hata hivyo taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha kwamba fedha nyingi hazikurejeshwa, na kwamba vikundi vingine vilikuwa vya jina tu. Mwaka 2023 mikopo ile ikasimamishwa ili utaratibu utengenezwe upya, ikarudishwa mwaka 2024. Wadanganyifu wapo, hatukatai. Lakini twaamini wako pia waliopewa mtaji kama wajane wetu, wakaachwa peke yao na mdondo wao.

Sasa tutazame mahali palipofanikiwa. Hatuna haja ya kwenda Ulaya. Twende Nronga, Machame, katika Wilaya ya Hai. Katika desturi yetu kahawa ilikuwa ya baba, na maziwa yalikuwa ya mama. Mwaka 1988 wanawake wa Nronga waliunda chama chao wenyewe cha ushirika wa maziwa. Jambo la busara ni kwamba walianza na kitu kilicho mkononi mwao tayari, kitu ambacho hakuna shemeji aliyeweza kukidai. Mwenye lita mbili alikaribishwa pamoja na mwenye lita kumi, na mgeni wa kazi aliwakuta kituoni wenzake waliomtangulia.

Au tukumbuke mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, unaojulikana katika nchi nzima. Mtu hupewa mtamba, naye hulipa kwa kumpa jirani mwingine ndama jike. Watu huusifu kwa sababu ya ng'ombe. Sisi twausifu kwa sababu nyingine: anayetoa ndama hutoa pia ujuzi. Ameshakamua, ameshauguza, amekwisha kujua banda linavyojengwa, naye hataki ndama wake afie mikononi mwa mwenziwe. Huyo ndiye mlezi wa kweli. Wazee wetu walilijua jambo hili zamani, walipokuwa wakiweka ng'ombe kwa jirani asiye na kitu, naye akapata maziwa na samadi huku mwenye ng'ombe akija kumtazama mnyama wake.

Hata hapa kwetu tumekwisha kujaribu kidogo. Miaka miwili iliyopita vijana watano wasio na vihamba walitujia wakitaka mkopo wa kuanzisha kitalu cha miche ya kahawa. Mara hii hatukuanza na fedha. Tuliwapeleka kwanza kwa mwanachama wetu mmoja mwenye kitalu, wakafanya kazi kwake msimu mzima. Wakajifunza kuotesha vikonyo vya aina zile mpya za Lyamungo, zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Wakajifunza kivuli, maji na udongo. Zaidi ya yote, wakajifunza kwamba mche usio na mnunuzi ni majani tu. Ndipo walipopita nyumba kwa nyumba kuandika nani anataka miche mingapi. Mkopo tuliowapa mwishoni ulikuwa mdogo kuliko ule walioomba mwanzo, maana walikuja wenyewe wakasema, "Katibu, hatuhitaji zote." Hawajatajirika. Kijana mmoja alikata tamaa akaenda Arusha. Lakini wanne wapo, na miche yao iko katika mashamba ya baadhi yenu mnaotusikiliza.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, ofisi yaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo manne.

Kwanza, kila anayeanza kwa msaada wa chama apewe mlezi, naye mlezi awe mtu anayeifanya kazi hiyo hiyo hapa Uru: mfugaji kwa mfugaji, fundi kwa fundi. Kijana anayetaka kuwapokea wageni wanaokuja kuona maporomoko ya Materuni na kukaanga kahawa, apelekwe kwa aliyetangulia katika kazi hiyo.

Pili, mlezi aanze kabla ya fedha, tena asiondoke fedha zinapotoka. Amtembelee mwenziwe kila mwezi kwa mwaka mzima, wafungue daftari pamoja, waone kilichoingia na kilichotoka. Mlezi apewe posho ndogo ya kazi yake, ili asiitwe mtu wa kujitolea siku ya kwanza na kusahauliwa siku ya pili.

Tatu, yale yanayotushinda tuwaombe wenyeji wa elimu hiyo. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi yake Moshi. Chuo cha Ushirika kilichofunguliwa mwaka 1963, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kiko chini yetu hapo mjini. Ni aibu wageni wavuke bahari kuja kusoma ushirika Moshi, na sisi wa Uru tusishuke mlima.

Nne, na hili ndilo zito, tufungue mlango wa uanachama. Kanuni yetu yasema mwanachama awe na mibuni kwa jina lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi, lakini sote twajua vihamba vingi vimeandikwa majina ya nani. Kwa kanuni ile, mama anayechuma kahawa, anayeimenya, anayeianika na kuileta ghalani, si mwanachama. Mwanachama ni yule anayekuja kupokea malipo. Twapendekeza anayezalisha maziwa, ndizi, kuku au miche, na anayeishi kwa kazi ya mikono yake Uru, aweze kununua hisa na kupiga kura.

Twajua yatakayosemwa, maana yamekwisha kusemwa ofisini. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alituambia, "Chama hiki ni cha kahawa. Mkiingiza kuku na maziwa, kesho hamtajua kilichowakutanisha." Si neno la kupuuzwa. Wazee wetu waliona ushirika ukivunjwa na Serikali mwaka 1976, na ulipohuishwa katika miaka ya 1980 ilibidi kuanza tena kwa taabu. Wana haki ya kuogopa mabadiliko. Lakini twamjibu kwa adabu: wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, hawakukutanishwa na unga na siagi waliyoiuza. Walikutanishwa na unyonge, na nia ya kuuondoa. Ndiyo maana hata leo msingi wa kwanza wa ushirika duniani ni uanachama ulio wazi kwa wote, na elimu ni mmojawapo wa misingi yake saba. Tena tutazame vichwa vilivyo mbele yetu hapa. Mvi ni nyingi. Tusipowalea wanaoanza, sikukuu ya miaka ishirini itahudhuriwa na nani?

Gharama ya mapendekezo haya imo katika karatasi mliyogawiwa, nayo si kubwa. Ni sehemu ndogo ya ziada ya mwaka huu. Amri ni yenu, si ya ofisi.

Twamalizia kwa wale wajane tisa. Hatukuja kuomba wasamehewe deni. Hawana deni, walilipa mpaka shilingi ya mwisho. Deni lililobaki ni letu kwao. Wanne kati yao wako nje ya ukumbi huu sasa hivi, wanapika chakula cha sikukuu yetu, kwa kuwa si wanachama na hawakualikwa kuketi. Mchana tutakapopiga kura, twaomba kila mmoja wenu akumbuke mkono uliompakulia.

Mungu aibariki Uru, aubariki na ushirika wetu.