NJIA YA MKOJO IKIZIBA

(Mazungumzo ya mhudumu wa afya kwa wanachama siku ya mkutano wa mavuno. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa niseme juu ya kuziba kwa njia ya mkojo. Nitasema kikulima, maana mambo ya maji mnayajua kuliko mimi. Mtaro ukiziba kule chini, maji yanarudi nyuma, yanajaza jaruba la juu, na mwisho tuta linabomoka. Mwilini ni vivyo hivyo. Figo ziko mbili, huku mgongoni chini ya mbavu. Kila moja ina mrija wake wa kuteremsha mkojo kwenye kibofu. Urefu wa mrija ni kama sentimeta 25 mpaka 30, lakini upana wake ni milimeta 3 au 4 tu. Ukiziba, mkojo unarudi juu, figo inavimba, na ikikaa hivyo muda mrefu inakufa.

Kinachoziba ni nini? Yapo mawe, ipo na tezi ya wazee, nitaigusa. Lakini kwetu sisi watu wa majaruba adui mkubwa ni kichocho.

Mnyoo wa kichocho uligunduliwa mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, kule Cairo, Misri. Mgonjwa akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vidudu vinaingia kwa konokono wadogo, vinazaana humo, kisha vinatoka vingi na kutoboa ngozi ya mtu aliyesimama majini. Dakika chache zinatosha. Minyoo ikikomaa inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, na jike hutaga kila siku. Yai lina mwiba. Mengine hutoka na mkojo, ndiyo ile damu mnayoiona hasa kwenye matone ya mwisho. Mengine yanakwama katika nyama ya kibofu na ya mirija. Hapo panavimba, halafu panakuwa kovu gumu, halafu chokaa. Kovu likikaa pale mrija unapoingia kibofuni, basi, mtaro umezibwa.

Sasa neno lililonileta. Hapa kwetu kijana akikojoa damu watu wanacheka, ati anakua. Na wakubwa wanasema, "Mimi nilikojoa damu utotoni, ikakoma yenyewe, nimepona." Jamani, damu kukoma si kupona! Kovu halitoi damu, na kovu ndilo linaloziba. Tena halina kelele. Jiwe linauma, mtu anagaagaa, anakimbizwa hospitali. Kovu linabana kidogo kidogo kwa miaka. Figo moja ikifa, nyingine inabeba kazi ya zote mbili, na mwenyewe analima kama kawaida. Siku ya pili nayo ikichoka, uso na miguu vinavimba, wanasema amerogwa. Wengine kichocho cha miaka mingi kimewaletea saratani ya kibofu. Na akina mama, mayai hayo hukwama hata katika njia ya uzazi yakaleta damu na maumivu. Mume asikimbilie kusema ni ugonjwa wa zinaa.

Dawa ipo, prazikwanteli. Kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na inywewe baada ya kula. Inaua minyoo, na uvimbe ambao bado mbichi mara nyingi hunywea. Kovu la chokaa haiwezi kuliondoa. Tusidhani ni dawa ya wanafunzi tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mahali penye kichocho kingi wapewe wote kuanzia miaka 2, watu wazima pia, na mama mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Wazee wangu, hii ni ya tezi. Mkojo ukitoka kwa kukatika-katika, ukiamka mara nyingi usiku, usione haya, njoo. Ukigoma kabisa na tumbo la chini likajaa kama ngoma, ni hospitali siku hiyo hiyo, wakaweke mpira. Msimnyweshe dawa za kuongeza mkojo. Huko ni kufungulia maji jaruba lisilo na pa kutokea.

Ghala letu tumeliezeka bati jipya, vizuri sana. Lakini kule mashambani hakuna choo hata kimoja, na wote tunakojoa mle mle tunamosimama. Naomba halmashauri ya chama ilizungumze hili kabla ya kupanda. Maji ya kuoga ya mtaroni yalazwe ndani ya chombo siku mbili, vile vidudu vitakuwa vimekufa.

Upimaji ni Alhamisi, zahanati. Mkojo utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi, na matone ya mwisho yasiachwe. Vichupa nimemwachia Katibu.