POMBE NA KASHA LETU LA AKIBA

(Mazungumzo yaliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Mlitegemea tuzungumze juu ya hisa na gawio. Hayo yamo katika taarifa ya mweka hazina. Sisi tutazungumzia pombe, kwa kuwa ndiyo iliyokaribia kulivunja kasha letu, si mwizi.

Tulianza mwaka 2015. Mwaka uliofuata wenzetu watatu walikopa ili wapike komoni. Walirejesha kwa wakati, nasi tukawapigia makofi. Kumbe! Siku moja mama mmoja akashindwa kurejesha mkopo wake wa kuku. Tulipombana akasema, "Pesa aliichukua baba watoto, kaimaliza kilabuni." Kilabu chenyewe kilikuwa cha mwenzetu, naye ameketi palepale. Kikao kizima kimya. Ndipo tulipoelewa kwamba faida tuliyokuwa tunagawana ilitoka kwenye sufuria za nyumba zetu wenyewe.

Hatukumfukuza mtu. Tuliwaongezea muda wa kurejesha, tukawakopesha mtaji wa maandazi na dagaa. Wawili walikubali. Mmoja aliondoka, wala hatumlaumu, maana kilabu ndicho kilichokuwa kikimsomeshea watoto.

Lakini kikundi peke yake hakiwezi. Mnakumbuka viroba? Kipaketi kidogo, bei ya chini, mtoto wa shule anakificha mfukoni. Tulisema sana majumbani, wapi! Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba. Wanywaji hawakuisha, na gongo bado ipo vichochoroni, ila kitu kisichopangwa dukani hakimwiti mtoto kirahisi. Hiyo ndiyo kazi ya sheria.

Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2018, lilitaja hatua tano: kupunguza upatikanaji wa pombe, kuwabana madereva walevi, kuwapa wanywaji ushauri na matibabu, kuzuia matangazo ya pombe, na kupandisha bei yake kwa kodi. Humo hamna hatua ya kumwambia mke apige kelele zaidi!

Ndugu mgeni rasmi, tunaomba mawili. Kwanza, saa za kuuza pombe zimo katika sheria tangu Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Zisimamiwe, vilabu visifunguliwe asubuhi watu wakaacha majembe. Pili, anayetaka kuacha apokelewe zahanati kama mgonjwa, asichekwe. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Asiachiwe mkewe peke yake usiku.

Nasi tunaahidi mbele yenu: kasha hili halitakopesha tena pesa ya pombe.

Umoja wetu oyee!