Msikiti Mtukufu wa Makka na msikiti wetu wa mabati



Juma hili nataka tuzungumzie Msikiti Mtukufu wa Makka, ule uitwao Masjidul Haram, ambao ndani yake imo Al-Kaaba. Najua wapo watakaouliza kwa nini mtu aliyeko huku Ikinga, wilayani Ileje, kwenye milima ya mpakani na Malawi, aache habari za bei ya mahindi na foleni ya malori pale Tunduma, akaanze kusimulia habari za mji ulio mbali ng'ambo ya bahari. Jibu langu ni kwamba habari ya Makka imetufika mlangoni, na imetufika kwa ugomvi.

Upo msikiti mmoja mdogo huku mkoani Songwe, sitautaja jina wala mahali ulipo. Ni msikiti wa matofali ya kuchoma na mabati. Mzee aliyeanzisha ujenzi wake alitoka Kilwa akiwa kijana, akaja na kazi za reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975. Kazi ilipokwisha hakurudi pwani. Alioa huku, akalima, akafundisha watoto juzuu, na baadaye yeye na wenzake wachache wakachanga wakajenga msikiti. Siku ya kuweka msingi ni yeye aliyenyoosha mkono na kuonyesha kibla kilipo. Kwa miaka zaidi ya thelathini watu wameswali kwa kufuata mkono ule.

Sasa mwaka huu vijana wa msikiti huo wamekuja na simu zao za mkononi zenye dira, wakasema kibla si hapo, kibla kimepinda kuelekea kulia. Wazee wakasema simu haiwezi kuwafundisha dini. Ikafika mahali safu ya mbele ikaswali ikielekea huku na safu ya nyuma kule. Baadaye vijana wakahamia kwenye ukumbi wa kukodi. Yule mzee naye akaacha kwenda msikitini kabisa. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwanangu, mimi sigombani na hawa watoto. Nauliza jambo moja tu. Kama walisemalo ni kweli, sala zangu za miaka yote hii zimekwenda wapi? Na wale niliowaelekeza, ambao wengine nimewazika kwa mikono yangu, nitawajibu nini?"

Wasikilizaji wapenzi, swali hilo lilinikosesha usingizi. Mimi si shehe. Lakini mwandishi wa habari ana wajibu wa kutafuta, na nimetafuta kwa wanaojua.

Tuanze na Makka kwenyewe. Katika imani ya Kiislamu, Al-Kaaba ndiyo nyumba ya kwanza iliyowekwa duniani kwa ajili ya watu kumwabudu Mungu. Kurani inalieleza hilo katika sura ya tatu, na katika sura ya pili inaeleza jinsi Nabii Ibrahimu na mwanawe Ismaili walivyoinua misingi ya nyumba hiyo. Msikiti wenyewe ndio wa kwanza kwa utukufu kati ya misikiti mitatu ambayo Mtume Muhammad alisema ndiyo pekee ifungiwayo safari kwa ajili ya utukufu wake. Wa pili ni msikiti wake mwenyewe wa Madina, na wa tatu ni Msikiti wa Aqsa ulioko Yerusalemu, mji ambao Waislamu wanauita Baitul Muqaddas. Imepokewa katika hadithi kwamba sala moja katika msikiti wa Madina ni bora kuliko sala elfu moja mahali pengine, isipokuwa Makka, na kwamba ile ya Makka inafikia laki moja.

Lakini utukufu huo haumaanishi kwamba mawe yale hayajawahi kuguswa na misukosuko ya dunia. Karibu mwaka 605, kabla Muhammad hajapewa utume, Makureshi waliijenga upya Al-Kaaba. Ilipofika zamu ya kulirudisha Jiwe Jeusi mahali pake, koo zikagombana, kila ukoo ukitaka heshima hiyo, na nusura damu imwagike. Wakakubaliana kwamba atakayeingia wa kwanza mlangoni ndiye atakayeamua. Aliyeingia alikuwa Muhammad, wakati huo mtu wa umri wa miaka kama thelathini na mitano. Akatandaza nguo, akaliweka jiwe katikati, akawaambia wakuu wa koo washike pembe za nguo wote kwa pamoja wainue, kisha akalipachika kwa mkono wake. Hakuna aliyenyimwa heshima. Naomba msikilizaji uiweke habari hii akilini, maana tutairudia.

Mwaka 630 Mtume aliingia Makka na kuyaondoa masanamu yaliyokuwa yameizunguka nyumba hiyo. Mwaka 638 Khalifa Umar alinunua nyumba za jirani, akazibomoa na kuupanua uwanja wa msikiti. Mwaka 930 Jiwe Jeusi liliibwa na kundi la Wakarmati kutoka pande za Bahrein, likakaa huko zaidi ya miaka ishirini kabla ya kurudishwa. Karibu na mwaka 1630 mafuriko yaliziangusha kuta za Al-Kaaba, ikajengwa tena kwa amri ya Sultani Murad wa Nne wa Uturuki. Mwaka 1979 watu wenye silaha waliuteka msikiti huo kwa majuma mawili. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Hija ilifanywa na watu wachache tu waliokuwa tayari nchini Saudia.

Katika miaka yote hiyo, jiwe likiwepo au lisiwepo, kuta zikisimama au zikianguka, Waislamu wa dunia nzima hawakuacha kuelekea upande ule ule. Khalifa Umar mwenyewe alilibusu Jiwe Jeusi huku akisema wazi kwamba anajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na analibusu kwa kuwa alimwona Mtume akifanya hivyo. Kumbe basi anayeabudiwa si jengo. Jengo ni mahali pa kuzikusanya nyuso za watu, ili mvuvi wa Lamu, mchuuzi wa Kariakoo na mkulima wa Ikinga wawe katika safu moja bila ya kuonana.

Sasa tuje kwenye swali la mzee. Mwanzoni, Waislamu walipohamia Madina, hawakuwa wakielekea Makka. Waliswali wakielekea Yerusalemu kwa muda wa miezi kumi na sita au kumi na saba. Kisha mwaka wa pili wa Hijria, yaani mwaka 624, ikaja amri ya kugeukia Msikiti Mtukufu wa Makka. Na kutoka Madina, Yerusalemu iko kaskazini na Makka iko kusini. Huko hakukuwa kupinda kidogo, kulikuwa kugeuka kabisa. Imesimuliwa kwamba watu wa Quba walikuwa katikati ya sala ya alfajiri alipowafikia mtu na habari hiyo, nao wakageuka pale pale walipo, wakaendelea na sala yao. Hawakuivunja wala hawakuanza upya.

Ndipo watu wakaanza kuuliza kama anavyouliza mzee wetu. Wenzetu waliokufa wakiwa wanaelekea Yerusalemu, sala zao zimekwenda wapi? Wanazuoni wanaeleza kwamba jibu lilishuka katika aya ya 143 ya sura ya pili, kwamba Mwenyezi Mungu hakuwa wa kuipoteza imani yao. Yaani sala zile zilihesabiwa, kwa sababu ziliswaliwa kwa utii na kwa kadiri ya kile walichokijua siku zile.

Mzee wangu, kama redio yako iko wazi, jibu lako lina umri wa miaka elfu moja na mia nne.

Na lipo jambo jingine ambalo vijana wanapaswa kulijua kabla hawajamcheka mtu. Mkono wa mzee haukukosea kwa uzembe. Alijifunza kibla Kilwa, na pale Kilwa kibla ni kaskazini hasa, kwa kuwa Kilwa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kutoka kusini hadi kaskazini. Hali kadhalika Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako upo msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107, na ambao watu wanaswali ndani yake hadi leo. Ndiyo maana katika Kiswahili cha zamani neno kibla lilikuwa pia jina la kaskazini. Baharia aliposema pepo za kibla alikuwa anataja upande wa dunia.

Neno hilo lilisafiri na misafara na walimu kuja bara. Lakini ardhi haikusafiri nalo. Sisi wa Songwe tuko magharibi zaidi ya Kilwa, na kwa hiyo kibla chetu si kaskazini kamili. Kimeelekea kulia, upande wa mashariki, kwa digrii kama 12 hivi. Tazama uso wa saa ya ukutani. Digrii 12 ni nafasi ya dakika mbili tu. Hizo dakika mbili ndizo zilizotenganisha baba na mwana.

Kwa hiyo vijana wana hoja. Lakini nao wasijione kuwa wamekamilika. Nilipowaomba watoe simu zao ndani ya msikiti, simu tatu zilionyesha pande tatu. Dira huvurugwa na chuma, na msikiti wetu una nondo, madirisha ya chuma na mabati juu. Wazee nao waliosema wanatazama jua linapochomoza wakumbuke kwamba jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi Juni huchomoza kaskazini zaidi na Desemba kusini zaidi, tofauti ya digrii zaidi ya 20 kila upande wa mashariki kamili.

Ipo njia ambayo haina mzee wala kijana. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu kabisa ya Al-Kaaba, utosini. Mara ya kwanza ni tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana. Mara ya pili ni tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana. Bahati nzuri saa za Makka na saa za Tanzania ni zile zile. Dakika hiyo, simamisha fimbo iliyonyooka kwenye uwanja ulio sawa, nje, mbali na kivuli cha mti. Kivuli kitakacholala kitaelekea upande unaoipa Makka mgongo. Ukifuata kivuli kutoka nchani kurudi kwenye shina la fimbo na kuendelea mbele, hapo ndipo ilipo Makka. Hakihitajiki chombo chochote isipokuwa fimbo, timazi ya fundi mwashi na saa iliyowekwa sawasawa na redio.

Tarehe 15 Julai inakaribia. Ombi langu kwa kamati ya msikiti ule ni hili. Siku hiyo waiteni vijana kutoka kwenye ukumbi wao wa kukodi. Waiteni wazee. Kijana mmoja ashike saa, mwingine ashike timazi. Lakini fimbo ashike yule mzee aliyeonyesha kibla siku ya kwanza, na akishaona kivuli, aivute kamba yeye mwenyewe kuingia nayo msikitini na kuipiga sakafu mstari mpya. Hakuna haja ya kuvunja ukuta wala kuchangisha fedha. Mistari ya mikeka itapinda kidogo, na imamu atapinda nayo. Hiyo ndiyo nguo yenye pembe nne, kila mmoja ashike pembe yake.

Na kwa wale watakaosema kwamba digrii 12 ni kosa kubwa mno, wakumbuke kwamba imepokewa kutoka kwa Mtume, akizungumza na watu wa Madina ambao kibla chao kiko kusini, kwamba baina ya mashariki na magharibi ni kibla. Wanazuoni wengi wamechukua kutoka hapo kwamba aliye mbali na Makka anatakiwa kuelekea upande wake kwa juhudi yake yote, na Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Kukirekebisha kibla pale ujuzi unapopatikana ni wema. Kumfukuza mzee msikitini kwa sababu ya kibla ni jambo jingine kabisa, na sijaona mahali lilipoamriwa.

Wengi wetu huku hatutaiona Makka kwa macho. Nauli ni kubwa na umri haungoji. Lakini kila aswalie huku milimani anaswali akielekea huko huko, na msikiti wa mabati unapata heshima yake kwa kuelekea kule. Ukielekea Makka huku umempa jirani yako mgongo, jiulize upya umeelekea wapi.

Mzee aliniuliza nimrudie nikipata jibu. Nitakwenda kwake kesho asubuhi, na kesho kutwa nitapita kwa vijana. Tarehe 15 nikijaliwa nitakuwa pale uwanjani, na redio yangu ya mkononi kwa ajili ya saa.

Hadi juma lijalo, tuishi kwa wema.